Sumaku ya Miwani

Jumatatu, 7 Julai
Mafunzo ya likizo yanaisha Ijumaa. Profesa atachagua mmoja wetu abaki kwenye maabara yake. Mmoja tu! Mama ameshawatangazia shangazi zangu wote kuwa ni mimi. Kichocheo changu, unga mweusi niliohangaika nao tangu tuanze, kilitakiwa kuharakisha mmenyuko wa kemikali. Hakiharakishi chochote. Nilichotia kwenye chupa asubuhi ndicho nilichomimina jioni. Mwenzangu wa meza ya jirani, ninayemwita Miwani kwa miwani yake, anafaulu kila siku. Tena anapiga miluzi. Nimekwisha.

Jumanne, 8 Julai
Nimemchunguza. Kemikali zilezile, joto lilelile. Tofauti ni ile sumaku ndogo inayozunguka ndani ya chupa kukoroga. Yangu nyeupe, mpya. Yake kuukuu, imeingia weusi. Kumbe siri ni kukoroga! Alipokwenda kunywa chai, nikazibadilisha. Si wizi. Kapata mpya, ashukuru.

Alhamisi, 10 Julai
Asilimia tisini na sita ya mchanganyiko imegeuka! Nimepiga kelele hadi dada msimamizi akadhani nimeungua. Nimempigia Mama. Amelia kwa furaha, akasema atamwambia hata jirani wasiyesemezana. Miwani kafaulu kama kawaida. Shauri yake. Profesa kaja mwenyewe, kaniita kijana wangu. Akataka kesho nirudie mbele ya wote, safari hii bila kichocheo, waone mmenyuko utakavyokwama. Nikakubali kwa furaha kabisa.

Ijumaa, 11 Julai
Bila kichocheo: asilimia tisini na sita.
Profesa aliigeuzageuza sumaku, akauliza nimeitoa wapi. Nikasema nimeiokota. Miwani, kwa upole wake unaoudhi, akasema ni yake, ameitafuta sana. Profesa akatueleza: kichocheo cha Miwani kimeganda kwenye mikwaruzo ya sumaku, na kina nguvu hivi kwamba uchafu wake tu unatosha. Wakampigia makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje? Nafasi ni yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 13 Julai
Mama anauliza avae nini siku ya kunipongeza. Nimeshindwa kumwambia. Nimeshinda kitandani nikitazama dari, roho inaniuma.
Jioni nikakumbuka profesa wa ghorofa ya juu. Naye anatafuta mtu, majaribio Jumatano. Nimelitafakari sana kosa langu, na nimeliona. Sumaku ina weusi, mwenyewe aliitambua. Chupa zote zinafanana.
Miwani huziacha zake kwenye sinki bila kuziosha. Kesho nitawahi.