Nyumba Itazamwe Kiangazi

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba Kamati ya Kuwaelekeza Wanunuzi Wapya wa Nyumba imeanza kazi, na mimi ni mjumbe wake. Katika mji huu hakuna anayeyajua mambo ya kununua nyumba kunishinda. Kusema kweli sijawahi kununua hata banda la kuku. Napanga chumba kimoja, na ufunguo wake wa akiba anakaa nao mama mwenye nyumba. Lakini Kamati ilihitaji mtu mwenye mvi, na Mwenyekiti ana upara.

Shabaha yetu ni kumlinda mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo tumeagiza nyumba itazamwe kiangazi, saa sita mchana, ikiwa katika hali yake ya utulivu. Kuitazama wakati wa mvua ni kuivizia. Majirani wasiulizwe kitu, maana si chombo kilichoidhinishwa, na midomo yao haina breki. Mnunuzi akiona ufa ukutani asishtuke: Kamati imepitisha kwamba huo ni mstari wa upumuaji. Nikauliza kikaoni, je, na ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta? Mwenyekiti akasema msemo huo umepelekwa kwenye kamati ndogo kufanyiwa mapitio. Nikapiga makofi. Chai ilikuwa bado haijaletwa.

Mnunuzi wetu wa kwanza alikuwa mjukuu wangu, fundi cherehani. Mtoto yule ameshona sare za watoto wa watu mpaka miguu ikamvimba, akidunduliza apate mahali ambapo mama yake hatatolewa vyombo nje tena. Akiba yenyewe ni ya nyumba moja tu. Akipigwa hapo, basi tena. Mwenyekiti akamtafutia nyumba upesi ajabu, na vitanda vyake ndani. Tukaitazama kiangazi, saa sita, bila jirani. Ilikuwa imetulia kweli kweli.

Siku ya kutia sahihi tulikaa sebuleni humo humo, sisi watatu, maana Kamati inataka mnunuzi aanze kuzoea. Nje wingu lilikuwa limetanda bila kibali cha mtu. Mjukuu wangu akauliza mwenye nyumba ni nani na mbona haonekani. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba yuko ng'ambo, ameikabidhi Kamati kila kitu, na kwamba yeye binafsi hamjui hata kwa sura.

"Na paa, mzee? Halivuji?"

"Binti, hapo mimi na wewe tuko sawa. Nyumba hii naingia leo mara ya pili, na ile ya kwanza nilikuwa na wewe."

Mjukuu akashika kalamu. Mimi nikachungulia dirishani, kisha nikaomba, kwa mujibu wa taratibu, mwongozo wote usomwe upya kuanzia salamu. Mwenyekiti anaipenda sauti yake kama mwanawe wa pekee. Akavaa miwani, akaanza.

Alipofika kwenye majirani, mvua ikashuka. Mwenyekiti akainuka huku anasoma, akapita nyuma ya mlango wa jikoni, akarudi na beseni. Akaliweka sakafuni, pakavu kabisa, karibu na mguu wa kochi. Akalisogeza kidogo kwa ncha ya kiatu. Akakaa, akaendelea kusoma.

Tukalitazama beseni. Halikuwa na kitu.

Kisha tone likadondoka kutoka darini, likaangukia katikati yake, tii.

Mjukuu wangu akafunika kalamu. Hakupandisha sauti, aliuliza kama mtu anayeulizia chumvi.

"Na la chumbani, mzee, linakaa wapi?"

"Chini ya kitanda," akajibu Mwenyekiti, macho yake bado kwenye mwongozo. "Ila lile ni dogo, ikifika alfajiri huwa limeshafurika."