Viti Vitatu vya Jopo

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wangu kaniita ofisini. Nimemaliza mwaka wa nne wa uzamivu wa ubunifu, na Ijumaa jopo la watu watatu litaamua kama naendelea au nafungashiwa virago. Kauliza swali langu la utafiti ni lipi. Nikamwambia nimeunda kiti. Akasema kiti anakiona, swali halioni. Na miwani amevaa! Nikatoka natabasamu, maana wazo lilishanijia. Kila mwanajopo nitamtengenezea kiti cha raha mustarehe. Mtu aliyekaa vizuri atamsumbuaje mwenzake?

Jumanne, 4 Machi
Karakana siku nzima. Sponji nene, mgongo umelala kidogo, mikono nimeipiga msasa mpaka inateleza. Mshindani wangu, namwita Bi Kitasa kwa kuwa utafiti wake wote ni vitasa vya milango, alikuwa akiwaomba wafagizi wafungue mlango wakiwa na ndoo mkononi, huku anaandika. Watu arobaini! Nilimwonea huruma. Mimi kiti nakijaribu kwa makalio yangu mwenyewe, basi.

Jumatano, 5 Machi
Kiti kimoja nimekipeleka nyumbani. Mama mkwe alipita kutusalimia mara moja, akakikalia. Hakuinuka kwa saa nne. Kauliza namaliza lini kusoma, nani ataniajiri, na mbona wenzangu wameshatundika vyeti ukutani. Mke wangu kaninong'oneza kwamba mama hajawahi kukaa kwetu hivyo, kiti ndicho kimemshika. Nimeandika daftarini: mafanikio makubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Kitasa kaingia kwanza, jopo likiwa bado kwenye viti vya plastiki. Dakika ishirini, katoka amepita. Kisha nikaingiza viti vyangu. Wakakaa. Wakajinyoosha. Mwenyekiti akasema leo hana haraka. Tulimaliza baada ya saa tatu na nusu! Waliuliza kiti nimemuundia nani, nimewahoji wangapi, nimejifunza nini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Mwishowe wamenipa miezi mitatu nilete swali lililoandikwa, la sivyo kwaheri. Nimeumia, sitaficha. Mwenyekiti kaomba abaki na kiti chake.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kasema nimuulize mama yake kwa nini alishindwa kuinuka siku ile, huenda swali la utafiti ndilo hilo. Nimemshukuru kwa upole. Yeye ni mkunga, mambo ya ubunifu atayajulia wapi. Nimetafakari kwa kina na kosa nimelipata. Ni meza ya jopo! Ilikuwa pana mno, wakapata pa kuwekea madaftari. Asubuhi hii nimeanza kuchora nyembamba, isiyoweza kukaliwa hata na kalamu.