Mimi Si Chanzo cha Moto Namba Tatu

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Kujaza Mitungi ya Gesi.

YAH: KUCHORWA KAMA BOKSI NA KUSINGIZIWA MOTO

Mwanangu Meneja,

Pokea salamu zangu hapa hapa juu, maana huko chini nina hasira. Mimi ni yule bibi anayepika chai na maharage nje ya geti lako la nyuma. Usijitie kunisahau. Ulikula kwangu ulipokuwa karani mwenye shati moja. Wafanyakazi wako wote nawalisha mimi, na mmoja wao nimemzaa mwenyewe.

Wiki iliyopita mlituita majirani kwenye chumba cha mikutano, mkazima taa, na binti mmoja mhandisi, mdogo hata kwa mjukuu wangu wa kwanza, akawasha kompyuta. Akasema amepiga hesabu za mwendo wa upepo, ili tujue gesi ikivuja itapita wapi kabla haijavuja. Ukutani tukakiona kiwanda chako. Gesi ya rangi nyekundu ikatoka kwenye bomba, ikatambaa chini kama uji uliomwagika, ikapenya kwenye tundu la ukuta, ikaja mpaka jikoni kwangu. Binti akagusa hapo kwa kijiti chake akasema, hiki ni chanzo cha moto namba tatu. Chanzo chenyewe nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimevaa nguo yangu ya kutokea.

Sasa mnataka nihamie ng'ambo ya barabara. Sihami. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kwa kuwa naona nyinyi mnapenda namba.

1. Nimechorwa boksi. Gari lako limechorwa na magurudumu yake yote, lakini mimi, mtu mzima, mama wa watoto, ni boksi la kijivu lisilo na kichwa. Nilipouliza, binti alinijibu kwa adabu, hilo sikatai. Akasema upepo haujali sura ya mtu, unajali ukubwa wake. Bibi, akaniambia, kwa upepo wewe ni kizuizi tu. Nimeolewa mara mbili, na hakuna mume aliyethubutu kuniambia hivyo mbele za watu.

2. Gesi yenyewe HAIJAVUJA. Nahamishwa kwa ajili ya gesi ambayo haijatoka, ikisukumwa na upepo ambao haujavuma, kwenda kuwasha moto ambao haujawaka. Hata mwizi husubiriwa aibe kwanza. Kama ndiyo mtindo, basi kesho nami nitaanza kuwagombeza wafanyakazi wako kwa sahani ambazo hawajazivunja.

3. Mabati yangu. Nimeyazungushia jiko ili upepo usinizimie moto, kama afanyavyo mpishi yeyote wa nje mwenye akili. Binti anasema humo ndimo gesi itakamojaa kama maji kwenye beseni, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hupenda kukaa chini. Mimi pia ni mzito na napenda kukaa chini. Mbona hakuna aliyewahi kunizuia kuingia popote?

4. Na kama ni lazima niwe chanzo cha moto, kwa nini namba tatu? Namba moja kapewa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye nusu ya wiki haonekani kazini. Namba mbili ni jenereta, na jenereta lenyewe huwaka likijisikia. Moto wangu ulikuwa unawaka hapa wakati kiwanda chako ni kiwanja cha mbuzi. Ama nipewe nafasi yangu ya kwanza, ama nifutwe kabisa.

5. Agizo la kuhama mmenitumia kupitia mlinzi. Akasimama mbali, mikono mfukoni, akasema bosi kasema bibi atoe vitu vyake. Vitu! Mwambie vitu hivyo ndivyo vilivyomnenepesha.

6. Kwa hiyo naomba tumalize jambo hili kwa amani. Jumamosi, watu wakiwa wameshashiba, fungueni koki kweli. Mimi nitakaa jikoni kwangu moto ukiwaka, wewe utakaa ubavuni mwangu uwe shahidi. Gesi ikifika, nitatamka mbele ya wote kwamba binti yuko sahihi. Isipofika, anichore upya, nikiwa na kichwa. Sidhani kama hapo kuna mtu atakayeonewa.

Nakuachia hapo, maana chai inachemka. Msalimie mama watoto wako, wasalimie wanao, msalimie na karani wako wa mapokezi ambaye hajafundishwa kuitikia salamu. Fundi wa kuchomelea pia, mkibahatika kumwona.

Ni mimi, kwa hasira na heshima,
Bibi wa Geti la Nyuma

N.B. Jiko nimeshalihamisha tangu wiki hiyo iliyopita, kwa hiyo huyo mlinzi abaki huko huko. Kikao kilipokwisha nilimwambia binti aniwekee tena ile picha, kisha tena. Kumbe kabla ya kufika jikoni, ule wekundu unapita juu ya benchi, pale kitindamimba wangu, mjaza mitungi wako, anapokaa kula kila mchana akiwa ameegemea ukuta. Nikatoka hapo moja kwa moja nikalibeba benchi kichwani, jiko likafuata. Mabati sijayasimamisha, moto unazimika, nawasha upya. Na lile tundu la ukutani mnangoja nini, mpaka gesi ivuje kwanza? Mtume binti aje na kompyuta yake anipigie hesabu za huku nilikohamia, aanze na benchi. Sahani yake ya maharage nimeshamfunikia.