Kishungi cha Usingizi

Jumatatu, 3 Machi
Kishungi kimepungua tena! Mwanangu ana miezi minne, na halali mchana mpaka ashike kishungi changu cha juu ya paji. Leo kalala, ngumi imebaki na nywele saba. Nimezitoa taratibu, kidole kimoja kimoja, nisimwamshe. Asipolala siwezi kushona, na sare za watu zimelundikana juu ya cherehani. Wifi, dada yake mume wangu, kapita na misuko yake inayofika kiunoni. Kasema paji langu linasogea kama jirani anayehamisha ua usiku usiku. Nimecheka. Kwa meno tu.

Jumanne, 4 Machi
Kwa msusi. Mtaalamu yule! Kasema kukatika si kunyonyoka. Unywele ukikatika, kipande hubaki kichwani. Ukinyonyoka, hutoka na mzizi wake, kijidoa cheupe nchani. Zangu zinanyonyoka. Tena kila unywele una vipindi vitatu: kukua, kupumzika, kudondoka. Zangu nyingi zimo mapumzikoni. Nimeandika yote nyuma ya kadi ya kliniki.
Mpango: nisiziamshe! Sichani, siinami, redio nimezima. Mume karudi, kakuta kimya, kauliza nani kafa. Nikamnong'oneza kwamba nywele zimepumzika. Naye akaninong'oneza, je, na sufuria la chakula limepumzika? Wifi kaangusha mfuniko. Makusudi!

Alhamisi, 6 Machi
Nimepaka maji ya kitunguu, kichwa kizima. Mtoto kanusa, kapiga chafya, kanisukuma. Kamrukia wifi, kashika msuko, usingizi papo hapo! Miezi tisa nimembeba mimi!

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki. Mtoto kaongezeka uzito, mashallah. Mama yake kapungua nywele. Muuguzi kanitazama kwa huruma, kasema ni kawaida baada ya kujifungua: zilizogoma kutoka wakati wa mimba sasa zinatoka kwa pamoja, zitarudi zenyewe, niziache. Hata mtu mzima mwenye afya, kasema, hupoteza mpaka nywele mia kwa siku.
Mia! Hatimaye kipimo! Nimerudi mbio, nimeokota za kwenye mto wa kulalia, za kitandani, za shingoni mwa mtoto. Sitini na mbili. Nina upungufu wa thelathini na nane! Ndiyo maana sina afya. Nimechukua kibano cha nyusi, nikaanzia panapofikika kwa urahisi. Wifi kachungulia, kauliza kama ninanyonyoa kuku. Sikumjibu, ningepoteza hesabu.
Nimetimiza mia. Nikatazama kioo.
Kishungi hakipo.

Jumamosi, 8 Machi
Mtoto kapapasa paji langu. Kiganja kikateleza. Kapapasa tena, kanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha kilio. Nikalia naye. Sare hazijaguswa.
Wifi kaingia, kafunga mlango. Nikajiandaa kwa maneno. Kashika msuko mmoja, kauvuta, ukatoka wote mzima! Wa dukani! Kumbe naye zilimnyonyoka alipomzaa wa kwanza, na mpaka leo hata kaka yake hajui. Kaufunga msuko kwenye nywele zangu zilizobaki, kwa uzi wa cherehani. Kasema nikimwambia mtu atanitangaza mtaa mzima kuwa nanuka kitunguu.
Mtoto kashika. Kalala. Nimeshona sare tatu. Wifi wangu, jamani!

Jumapili, 9 Machi
Miujiza! Chini ya msuko zimeota nywele changa, fupi, laini kama za mwanangu. Msusi kasema niziache. Muuguzi alishasema niziache. Wifi kanishika masikio mawili, kasema niziache kabisa.
Nimewasikia. Nitaziacha.
Ila zimesongamana mno. Mume alipootesha nyanya kwenye kopo, ilibidi miche ipunguzwe ndipo iliyobaki inenepe. Nitapunguza chache tu, kwa ajili ya mtoto.
Wifi kaficha kibano. Kucha zangu atazificha wapi?