Mke Wangu na Mkwe Wake Katika Folda Moja

Kwa Ndugu Jasper,
Studio ya Video,
Soko la Nyaramba.

Mpendwa katika Bwana,

Natumai u mzima, na kompyuta yako pia. Ni mimi Mzee Nyasani wa Birongo, babake Lavender uliyempiga video ya harusi. Juzi uliponionyesha jinsi unavyohifadhi kazi, nilinyamaza kwa heshima. Sasa heshima imekwisha.

1. Umemweka mke wangu Esnah na mkwe wetu Walter katika folda moja iitwayo FAMILIA. Ndugu yangu, hukulelewa? Chinsoni, mila yetu ya staha, unaijua: mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono! Hawa wamelala humo miezi mitatu, picha zao zikigusana mabega.

2. Ukajisifu kwamba nakala ya pili iko kwa dada yako kule Itumbe, studio isije ikaungua. Ya tatu iko mtandaoni, ng'ambo. Yaani wanavunja mila Nyaramba, Itumbe na Ulaya kwa wakati mmoja!

3. Kile kipande wanachocheza pamoja wakizunguka keki umekiandika TUNZA. Utunze nini? Miaka thelathini ya ndoa sijamwona Esnah akicheza. Siku ya kwanza anacheza, ni na mkwe! Iliniuma, Jasper, sikufichi.

Kwa hivyo, kabla hujahamishia kila kitu kwenye diski ya kudumu Ijumaa, naomba Walter apewe folda yake. Bora zaidi, apewe diski yake, na diski hiyo ilale nyumba nyingine, ng'ambo ya mto.

4. Ikishindikana, mfute kabisa. Lavender abaki madhabahuni akila kiapo peke yake. Pasta tutamweleza.

Wasalimie wazazi, dada wa Itumbe, na yeyote anayetunza nakala huko Ulaya.

Wako mwenye boma lililoaibishwa,
Mzee Alfayo Nyasani

N.B. Macho yangu hayaoni herufi ndogo, kwa hivyo barua hii amenipigia chapa Walter. Alipofika nambari nne aliuliza kama aandike jina lake lote. Tumekaa chumbani kwangu, kitandani, maana umeme wa sebuleni umekufa na chaja ya kompyuta ya Walter inafika huku tu. Esnah ametuletea chai, akaketi katikati yetu. Tumetazama kile kipande mara nne, na mara ya mwisho Esnah alisimama akanionyesha zile hatua. Tafadhali usifute kitu. Na kama nakala ni tatu tu, ongeza ya nne.