Ng'ombe wa Kukabidhiwa Hakopeshwi

Bernadetha Gati Heche,
Katekista mstaafu,
Kenyamonta, Serengeti.

Kwa Katibu,
Klabu ya Radi ya Tarime,
Nyamisangura, Tarime.

Ndugu Katibu, mwanangu Selestine,

YAH: KUMKOPESHA MWANANGU MOGESI BILA KUMUULIZA BABA YAKE, AMBAYE NI MIMI

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua yangu ni ndefu na sipendi uisome yote ukiwa na shikamoo imekukwama kooni.

Sisi huku hatujambo. Mvua imekuja kwa adabu, mtama umesimama, na mke wangu Scholastica anakusalimu ingawa nilimkataza. Nakuandikia kwa heshima zote, kwa Kiswahili cha darasani, kwa sababu nikianza kukuandikia kwa Kikurya karatasi itashika moto.

Nakala ya barua hii inakwenda kwa Mhariri wa gazeti, na Mhariri ni mtu wa mbali, kwa hiyo nianze kwa kumweleza yeye mambo ambayo wewe unayajua tangu ukiwa mgongoni. Mungu hakunijalia mtoto wa kiume. Marehemu mume wangu Heche alipofariki aliniachia boma na ng'ombe, na mimi nikafanya kama walivyofanya bibi zetu: nikatoa ng'ombe wangu mwenyewe, nikamwoa Scholastica, nyumba ikawa na watu tena. Ndiyo nyumba ntobhu. Watoto aliowazaa Scholastica ni wangu. Aliyesaidia kuwaleta duniani hatumtaji, na mwenyewe anajua kwa nini. Mogesi ni wa kwanza. Tangu aanze kusema huniita tata, yaani baba, na hakuna aliyecheka Kenyamonta nzima. Paroko alikuna kichwa kidogo, kisha akambatiza.

Sasa malalamiko yangu, Ndugu Katibu. Nimeyapa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Fomu. Mlipokuja nyumbani kumwomba Mogesi alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane, na fomu yenu ikataka jina la baba. Nikaandika Bernadetha. Fomu ikarudi. Nikaandika tena, kwa herufi kubwa. Ikarudi. Mara ya tatu ukaijaza wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ukaandika: "Baba: Hajulikani. Mlezi: Bernadetha."

Selestine! Mimi sijulikani? Toka hapa Kenyamonta uende hadi Natta, simamisha mtu yeyote mwenye fimbo, muulize kama hamjui Bernadetha. Na neno mlezi ni la mwenye kuku. Ungekuwa mgeni ningekusamehe. Lakini bibi yako Kisyeri, Mungu amrehemu, alioa vilevile kama mimi, na baba yako alizaliwa katika nyumba hiyo. Kama mimi sijulikani, basi na wewe mwenyewe hujulikani, na barua hii sijui naipeleka kwa nani.

2. Dirisha. Nilisikia redioni kwamba Mogesi ameondoka Tarime "katika dirisha dogo". Nimeishi miaka mingi na watu waungwana, na sijawahi kumwona mtu mwenye nia njema akitolewa nyumbani kwa dirisha. Mchumba hutoka mlangoni, maiti hutoka mlangoni, hata mgeni aliyefukuzwa hutoka mlangoni. Kinachopitia dirishani ni cha wizi, na dirisha likiwa dogo, wizi ni mkubwa zaidi. Mlango mnao. Niliuona nilipokuja ofisini, umepakwa rangi mpya.

3. Mkopo. Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti.

Redio hiyohiyo ilisema Mogesi amekwenda Korosho Stars ya Lindi "kwa mkopo". Siku ile boma lilijaa majirani. Wa kwanza alikuwa Petronila, mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, akalia kabisa: "Mura wetu, kijana wetu, amekopa nini hadi wamempeleka Lindi?" Nilichukua muda kumtuliza. Kisha nikakaa, nikafikiri, nikaelewa. Nikatamani ningekuwa sijaelewa.

Wewe unajua, Mhariri hajui: kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi rafiki yake ng'ombe mmoja amfugie. Rafiki atakunywa maziwa, atatumia samadi shambani, ataonekana mtu mbele ya wakwe zake. Lakini ng'ombe si wake. Ndama si wake. Ng'ombe akifa ataleta ngozi, na ataieleza. Na mwenye mali akimtaka ng'ombe wake, anakuja na kamba tu, bila hotuba.

Mlipokuja kwangu na Mwenyekiti Masanja, mkiwa na soda, sukari, jezi moja na mpira usio na upepo, nilisema maneno haya mbele ya watu: "Huyu nawakabidhi, siwauzii." Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Yeye ni Msukuma, alikuja huku kwa ajili ya dhahabu, lakini Wasukuma nao ni watu wa ng'ombe. Alielewa. Tena alisema, "Tumeelewa, mama," nami nikamrekebisha: baba.

Basi niambie, mwanangu. Ng'ombe wa kukabidhiwa unamkabidhi vipi mtu mwingine? Wapi umeona? Mzee wa rika lolote ukimwambia jambo hilo ataomba maji ya kunywa kwanza. Nyinyi mlikuwa wafugaji. Mkageuka wenye mali.

4. Ndama. Kwa kuwa mmeshafanya kosa, tulifuate hadi mwisho wake ili haki ionekane. Mogesi amefunga mabao saba huko Lindi. Mabao ni ndama. Ndama ni wa mwenye mali, popote walipozaliwa. Kwa hiyo naomba rasmi, kupitia kwako, chama cha mpira kiyaondoe mabao hayo saba Lindi na kuyaandika Tarime, mahali ng'ombe alipotoka. Nimepiga hesabu na padri msaidizi: Radi itatoka mkiani na kupanda hadi pa kupumulia, na wale tuliotoka nao sare tutakuwa tumewafunga. Sioni kwa nini usifurahi.

Mimi si mlafi. Mipira iliyogonga mwamba ni mimba zilizoharibika, hizo hatudai. Pasi alizowapa wenzake wakafunga ni maziwa, watu wa Lindi wanywe. Picha zake magazetini ni samadi, wamwage kwenye korosho zao.

5. Vipimo. Nimeambiwa alipofika Lindi alipimwa upya magoti, moyo, macho na damu. Kwani mliwaambia namwuza akiwa na kasoro? Mtoto huyu alichunga milima ya kwetu akiwa peku, alivuka mto umejaa, na alishawahi kumkimbia nyati akamwacha nyati akihema. Wangeniuliza mimi. Ningewaambia pia kwamba maharage ya jana yanamsumbua tumbo, jambo ambalo naamini mashine yao haikuliona.

6. Wakala. Kijana mmoja, Daudi, mwenye viatu vyeupe, alifika nyumbani akasema yeye ni wakala wa mwanangu. Tukamkaribisha kama mshenga anavyokaribishwa. Alipomaliza ugali na nyama akasema anatakiwa kupata asilimia kumi ya mchezaji. Nikamuuliza ni sehemu ipi. Akasema ni namna ya kusema tu. Nikamwambia kwetu hakuna namna ya kusema tu kwenye mwili wa mtu, achague: mguu, bega, au sikio. Hajarudi. Akifika kwako mwambie sahani aliyoondoka nayo ni ya Scholastica.

7. Kiingilio. Kabla hamjamkopesha nilikuja Tarime mara moja kumtazama akicheza. Kwa mila, mwenye ng'ombe akija kumtazama ng'ombe wake hupewa kiti na kibuyu cha maziwa. Mlinzi wenu wa getini akanidai tiketi. Nikamwambia mimi ni baba wa mchezaji namba tisa. Alicheka hadi akaketi chini. Akawaita wenzake, nao wakacheka. Nilinunua tiketi, nikaingia, nikamkuta mwanangu ameketi benchi, amevaa koti, na hakuinuka mpaka mwisho. Niliona nimelipa kumtazama koti.

Hilo la benchi sikulipatia namba kwa sababu mambo ya kocha si yangu. Lakini liliniuma. Nasema wazi kwamba liliniuma.

Kwa hoja hizi saba, ambazo hata hakimu wa mwanzo hawezi kuzipangua, NADAI yafuatayo. Mogesi arudishwe mara moja, kwa mlango. Mabao yake yarudi pamoja naye. Na Lindi waandike barua ya kueleza kama alikula vizuri.

Kama hayatatekelezwa hadi Jumamosi, nitakuja Nyamisangura mwenyewe na kamba ile ya katani niliyomfungia fahali wa mahari ya Scholastica. Nitaingia ofisini kwenu, nitamfunga Mwenyekiti Masanja kiunoni, taratibu, nitamleta Kenyamonta, nami nitamwacha hapa kwa mkopo. Atafuga mbuzi. Siku Mogesi akirudi naye atarudi, na kama atakuwa amezaa faida yoyote hapa itabaki kwangu kama samadi. Scholastica ameshafagia chumba.

Usidhani natania kwa sababu barua ina furaha. Nina furaha kwa kuwa haki iko upande wangu, na mtu mwenye haki hana sababu ya kununa. Lakini jioni nikikaa jikoni na mama yake, kigoda cha Mogesi kipo pale pale, na hatujamruhusu hata paka kukikalia. Nilimkabidhi mtoto mahali ambapo ningemfikia kwa safari ya asubuhi na kurudi jioni. Lindi siijui. Naogopa ng'ombe akikabidhiwa kwa mtu, na mtu huyo akamkabidhi mwingine, na huyo mwingine naye ana rafiki, siku moja nitakuja na kamba yangu na kila mtu atanionyesha kwa kidole mwenzake. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mengine yote ni viungo.

Nisalimie mama yako Juliana, umwambie mbegu zake za maboga zimeota zote. Msalimie Mwenyekiti, umwambie apumzike vizuri kabla ya Jumamosi. Wasalimie wachezaji wote, hasa yule kipa, Mungu amfungue macho. Wasalimie Mogore, mwenye duka jirani na ofisi, na mgonjwa wake. Mlinzi wa getini usimsalimie.

Nimalizie hapa, wino ukiwa bado unatamani kusema,

Mimi, Baba wa Mchezaji,
Bernadetha Gati Heche.

Nakala: Mhariri wa gazeti (aichape kama ilivyo, asinirekebishie). Paroko (kwa sala). Petronila (ili aache kulia).

NYONGEZA, kabla gundi ya bahasha haijakauka:

Mwanangu Selestine, usiende mbele na jambo lolote.

Mogesi amepiga simu sasa hivi, hata chai haijapoa. Nilimsomea barua hii yote kwa fahari. Alisikiliza mpaka namba saba, kisha akasema, "Tata, huo mkopo niliuomba mwenyewe." Anasema kwenu alikuwa wa benchi tu, na kule anacheza kila wiki. Nikataka kukasirika nikashindwa, kwa sababu hata mimi najua: ng'ombe asiyekamwa hukauka. Ukiona ananawiri kwa rafiki, mwenye akili hamwondoi.

Lakini bado nilikuwa na kamba yangu mkononi, hadi aliponiambia jambo jingine, kama kitu kidogo tu. Siku anafika Lindi walimjazia fomu. Katibu wao, mama mmoja ambaye maishani mwake hajawahi kusikia nyumba ntobhu, alimuuliza jina la baba. Mogesi akajibu Bernadetha. Mama yule akamuuliza kama lina herufi h. Akaliandika.

Basi, Ndugu Katibu. Kaliandika tu!

Nimelia, sikufichi. Kwa hiyo madai yangu yote nayafuta, isipokuwa lile la sahani. Mabao saba waachieni Lindi, ndama wameshazoea malisho. Mkopo uongezeni, na kama kuna dirisha kubwa zaidi mlifungue. Mwenyekiti Masanja anaweza kulala, ingawa chumba kimefagiliwa na anakaribishwa kama mgeni.

Mwezi ujao Korosho Stars wanakuja kucheza na nyinyi hapo Tarime. Mogesi anasema kanuni haimruhusu kucheza dhidi ya klabu iliyomkopesha, kwa hiyo siku hiyo ataketi jukwaani pamoja nami. Nitakuja na ile kamba, mwisho wake kutakuwa na mbuzi, na mbuzi huyo ni wa yule mama wa Lindi. Nyinyi nitawaletea maboga.

Mlinzi wenu getini akiuliza mimi ni nani, usimwachie anicheke tena. Mwambie mapema, na ikibidi mwandikie kwa mkono wako: ni baba wa mchezaji, na anajulikana.