Kuhama Makoko Kabla ya Desemba

Jumatatu, 4 Agosti 1969. Makoko, Musoma.
Nimeamua. Nahamia Bunda. Sababu ni mwalimu Nyamburi, anayefundisha shule ya huko. Mwezi wa nne nilimshonea gauni la harusi ya dada yake, naye akasema Bunda hakuna fundi anayejua kukalisha kola. Mtu hasemi maneno kama hayo bure. Nimeyafikiria miezi minne.
Tatizo ni nyumba. Januari nilitia sahihi mkataba wa mwaka mzima na Mama Pelagia, mbele ya Mzee Masatu, balozi wetu wa nyumba kumi. Sikuusoma. Cherehani yangu ilikuwa bado kwenye mkokoteni nje na mvua inakuja. Luhende, jirani yangu anayetengeneza baiskeli, anasema anayevunja mkataba hupelekwa mahakamani. Lakini mpangaji akifukuzwa na mwenye nyumba, hana kosa. Basi nitakuwa mpangaji mbaya. Sijawahi kuwa mbaya. Itabidi nijifunze.

Jumatano, 6 Agosti.
Saa kumi na moja alfajiri nimesimama chini ya dirisha la Mama Pelagia, nikaimba nyimbo za kwaya kwa sauti yote. Akatoka amejifunga khanga. Nikasubiri matusi. Akasema tangu mumewe afariki hajasikia sauti ya mwanamume ikimsifu Mungu kwenye ua huu. Akaniomba nirudie ubeti wa pili, akaingia na sauti ya pili. Jua lilipotoka majirani sita walikuwa wanaimba. Nimechaguliwa kiongozi. Mazoezi ni kila siku.

Ijumaa, 8 Agosti.
Sauti imekauka. Nimebadili njia. Luhende anasema nyumba inayovuja si nyumba, mpangaji anaweza kuondoka kichwa juu. Nimepanda juu ya meza, nikatoboa bati kwa msumari, nikamwaga ndoo mbili za maji sakafuni. Kisha nikamwita Mama Pelagia nikiwa na uso wa huzuni. Ameshika kiuno, akatazama maji, akatazama tundu, akasema pole mwanangu. Kesho anamleta kaka yake Ngolo, fundi wa mapaa.

Jumamosi, 9 Agosti.
Ngolo ni mtu wa maneno machache. Ameuliza maji yametoka wapi, maana Musoma mvua haijanyesha tangu Mei. Nikasema labda umande. Akapanda, akashuka, akasema tundu limetobolewa kutoka ndani. Halafu akasema mkataba unataka mpangaji atengeneze alichoharibu kwa mkono wake. Yeye anaujua mkataba, mimi siujui. Nimeshinda juu ya bati na jua la saa saba, nikishikilia misumari. Jioni Mama Pelagia ameniletea samaki, ningu wa nazi, na ugali wa mtama. Ameketi mlangoni mpaka nimemaliza. Akasema, “Wewe ulikuwaga mtulivu, Eliasi. Siku hizi una nini?” Nikasema ni joto.

Jumatatu, 11 Agosti.
Nimekwenda kwa Mzee Masatu. Nimemwambia kuna rafiki yangu, mpangaji, anataka kuhama kabla ya wakati. Mzee akauliza rafiki huyo anakaa kwa nani. Nikasema kwa mjane mmoja. Akatoa nakala ya mkataba wangu kabatini bila kuuliza zaidi, akavaa miwani, akanisomea polepole kama anavyowasomea watu wa masomo ya watu wazima.
Mpangaji akitaka kuondoka kabla ya mwaka kwisha, atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi. Au alete mpangaji mwingine ambaye mwenye nyumba ataridhika naye. Asipofanya moja ya hayo, nyumba inabaki juu yake mpaka Desemba, awemo asiwemo. Na akitoka aiache imepakwa chokaa.
Ndiyo hayo tu. Hakuna askari, hakuna hakimu. Mzee akasema barua ya mistari mitatu ingetosha. Nimemshukuru kwa niaba ya rafiki yangu.
Lakini mwezi mzima ni mrefu. Mwalimu Nyamburi anaweza kupata fundi mwingine. Nitaleta mpangaji.

Jumatano, 13 Agosti.
Nimemleta Shida, mchuuzi wa dagaa. Mtu mwema, hana makuu. Amekuja na magunia manne, akauliza atayaanika wapi. Mama Pelagia alimsikiliza kwa heshima, akampa maji ya kunywa, akasema hapana. Magunia yamekaa barazani saa mbili tu lakini vitambaa vyangu vyote vinanuka ziwa. Mke wa mchungaji amekataa kupokea blauzi yake.

Jumamosi, 16 Agosti.
Nimempata Gati, mkunga, anatafuta chumba karibu na zahanati. Mama Pelagia amemkagua tangu viatu mpaka kilemba, wakazungumza Kikurya nusu saa, wakacheka, mambo yakaisha. Ameridhika. Mzee Masatu ameandika, tumetia sahihi wote watatu. Niko huru.
Mchana tumepaka chokaa. Nilitaka kufanya peke yangu lakini Mama Pelagia alichukua brashi ya pili. Tukafika kwenye ile sehemu ya tundu, akasimama. Akasema aliponiona nikiimba gizani na kumwagia maji chumba changu mwenyewe alidhani nimeugua kichwa. Siku nane ameniombea kanisani, jina langu limetajwa mbele ya watu wote. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka anifukuze.
Akakaa chini kwenye ndoo. “Ungeniambia tu, mwanangu,” akasema. “Ningekuzuiaje? Masatu angeandika karatasi, ukaenda.”
Chokaa ilituingia machoni, mimi na yeye. Tumemaliza ukuta wa mwisho.

Jumatatu, 18 Agosti.
Nimeondoka kwa lori la pamba. Mama Pelagia amenifungia samaki, furu wakavu, kwenye gazeti, akaninong’oneza nisiingie nyumba nyingine bila kusoma karatasi. Nikaahidi. Kwaya nzima iliimba barabarani. Gati ameshika sauti yangu, naye anaimba vizuri kuliko mimi.

Alhamisi, 21 Agosti. Kabasa, Bunda.
Chumba kizuri, sakafu ya saruji, kwa Mzee Keraryo. Nimetia sahihi miaka miwili. Karatasi ilikuwa ndefu na nilitaka kuwahi shuleni kabla ya kengele.
Shuleni mwalimu mkuu amenieleza kwamba mwalimu Nyamburi alihamishwa tangu Juni. Yuko Butiama, upande wa Mwitongo, kwenye kijiji cha Ujamaa. Sikuwahi kumwandikia kwamba naja. Nilitaka ashangae. Hata hivyo Butiama si mbali, na mafundi huko watakuwa wachache zaidi.
Nimefikiri kumwambia Mzee Keraryo waziwazi. Ni mzee mpole. Ila ni aibu, nimetia sahihi leo tu. Afadhali aniombe mwenyewe niondoke. Nimesikia ana wajukuu wengi na anaogopa sana ugonjwa wa kifua. Jioni hii nimekaa barazani nikakohoa mara tatu, kwa uchungu. Mkewe ameniletea uji wa moto na blanketi, akasema sitalala peke yangu, mzee atahamishia kitanda chake chumbani kwangu aniangalie.
Kesho nitakohoa kwa nguvu zaidi.